Wasomaji Wanauliza: Mji Mdogo na Hesabu ya Ajali Zake

Kati ya barua zilizotufikia hapa Lubumbashi safari hii, tano zinazungumzia jambo moja, nalo ni ajali za barabarani katika miji midogo iliyo kando ya njia zetu kuu. Nimeona ni vyema kuzijibu pamoja. Kabla ya kukabidhiwa ukurasa huu nilikuwa kwa miaka mingi karani wa kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, na kwa sababu hiyo nitakaa muda mrefu zaidi kwenye madaftari kuliko pengine wasomaji walivyotarajia.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo ulio kando ya barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Likasi. Miaka miwili iliyopita watu kadhaa waligongwa na kufa mbele ya soko letu katika muda wa miezi michache. Vijana walifanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, wakuu wakakubali, na matuta yakawekwa pande zote mbili za soko. Mwaka uliofuata vifo vilipungua hata tukatangaziwa kanisani kwamba tatizo limekwisha. Mwaka huu vimepanda tena, na sasa wenye malori na baadhi ya wafanyabiashara wanadai matuta yang'olewe kwa kuwa hayana faida. Baada ya wiki tatu nitasimama mbele ya wazazi. Je, niwaambie ajali zinapanda au zinashuka? (Mwalimu)

Mwalimu, jibu la haki ni kwamba kwa kulinganisha mwaka mmoja na mwingine hutaweza kuwaambia lolote kati ya hayo mawili, na ningependa ulione hilo wewe mwenyewe kabla hujasimama mbele yao. Tubuni mji ambao barabara yake, magari yake na tabia za madereva wake havijabadilika hata kidogo kwa miaka ishirini, na ambao kwa wastani hupoteza watu 9 kila mwaka. Hata katika mji huo, daftari halitaonyesha 9 kila ifikapo tarehe 31 Desemba, kwa maana ajali haina ratiba: mtoto aliyekimbilia mpira sekunde mbili mapema amezikwa, na aliyechelewa sekunde mbili yuko darasani kwako leo.

Watu wa takwimu wana kanuni ya haraka ya kupima mchezo huo wa bahati. Hutafuta kipeuo cha pili cha wastani, kisha hukizidisha kwa 2, na matokeo yake huyaongeza juu ya wastani na kuyatoa chini yake. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, mara mbili yake ni 6; kwa hiyo mwaka wowote wenye vifo kati ya 3 na 15 unaweza kutokea katika mji huo bila kitu chochote kubadilika barabarani. Mwaka wa vifo 4 utapokelewa kama baraka na mwaka wa vifo 13 utapokelewa kama laana, ilhali barabara ni ileile. Mji mkubwa hauyumbishwi hivyo. Tukibuni jiji lenye wastani wa vifo 400, kipeuo chake ni 20, na mchezo wa bahati hautalitoa mbali na kati ya 360 na 440. Jiji hilo likishuka hadi 200, hakika kuna jambo la kweli lililotendeka. Vifo vikipungua kwa nusu katika mji kama wako, na vikipungua kwa nusu hiyohiyo katika jiji kubwa, habari hizo mbili hazina uzito sawa.

Kuna jambo la pili ambalo hupotosha hata watu waangalifu. Mzazi humpeleka mtoto zahanati siku homa imefika kileleni, wala si siku ilipoanza kidogo kidogo. Kwa kuwa homa nyingi hushuka zenyewe baada ya kilele, dawa yoyote atakayopewa siku hiyo, hata maji yaliyotiwa rangi, itasifiwa kesho yake asubuhi. Matuta yenu nayo yaliwekwa siku ya kilele, mahali ambapo mabaya yalikuwa yametokea mfululizo, na sehemu ya upungufu wa mwaka uliofuata ingepatikana hata kama mngelala bila kufanya lolote. Wataalamu hukuita huko kurudi kwenye wastani. Sisemi kwamba matuta hayakusaidia. Nasema kwamba walioyasifu mwaka ule na wanaoyalaumu mwaka huu wamefanya kosa lilelile, la kusoma ujumbe katika mtikisiko ambao ungekuwapo tu.

Vilevile, usihesabu vifo peke yake. Mnamo Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye njia iendayo Kolwezi, lori lililobeba asidi lilihusika katika ajali na basi la abiria, na watu takriban 20 walifariki mahali pamoja. Mji mdogo ukipatwa na msiba wa namna hiyo, idadi ya vifo vya mwaka mzima hugeuka mlima kwa sababu ya saa moja, na miaka miwili itakayofuata itaonekana salama hata kama barabara imezidi kuwa mbaya. Ndiyo maana daftari linalofaa huwa na safu mbalimbali: ajali zilizoua ni ngapi, waliokufa ni wangapi, ajali zilizojeruhi ni ngapi. Majeruhi ni wengi kuliko marehemu, na idadi kubwa huyumba kidogo zaidi kwa kulinganisha na ukubwa wake. Kwa mji kama wako majeruhi ndio watakaokupa habari mapema. Weka pamoja miaka mitatu kabla ya matuta na miaka mitatu baada yake, mitano ukiweza, kisha utazame sehemu nyingine ya barabara hiyohiyo isiyo na matuta katika miaka hiyohiyo. Ikiwa huko nako zimepanda, huenda ni malori tu yameongezeka.

Sasa nije kwenye madai ya kung'oa, na hapa nakuomba uwe imara. Kwamba hesabu ya mji wako haiwezi kusema peke yake haimaanishi kwamba hatujui kinachoua. Ujuzi juu ya mwendo umekusanywa katika nchi nyingi kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani huueleza kwa ufupi hivi: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Shirika hilo hukadiria kwamba duniani kote watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayozidi hiyo. Hao ni wanafunzi wako, pamoja na kaka na dada zao.

Ukitaka wazazi waelewe, usiwasomee asilimia. Wapeleke uwanjani. Weka jiwe mahali ambapo dereva anamwona mtoto, kisha pima umbali ambao gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, litahitaji hadi kusimama, ukimpa dereva sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni karibu mita 13. Kwa kilomita 50 ni karibu mita 28. Kwa kilomita 80 ni karibu mita 57, yaani huenda uwanja wenu ukaisha kabla hamjamaliza kuhesabu. Mwanafunzi mmoja asimame kwenye mita 20. Kila mzazi ataona mwenyewe kwamba yule wa kilomita 30 amesimama mita 7 mbele ya mtoto, na yule wa kilomita 50 anampita mtoto hali breki zikiwa bado zinalia. Lori lililojaa, lenye matairi yaliyokwisha, juu ya tope jekundu la mwezi wa Januari, halimo hata katika vipimo hivyo.

Malalamiko ya madereva hata hivyo yasikilizwe, maana yapo ya kweli. Tuta lisilopakwa rangi na lisilo na alama ya kulitangaza huonekana usiku dereva akiwa ameshalifikia. Tuta lililoachwa fupi, lisilogusa mtaro, huwafundisha wenye pikipiki kulikwepa kwa pembeni, na pembeni ndipo wanapotembea mama zetu wenye mabeseni. Hayo hurekebishwa kwa ndoo ya chokaa na kwa kuongeza urefu wa tuta mita moja kila upande. Mimi ningewaambia wazazi hivyo: tumeanza kuhesabu sawasawa, tutajua baada ya miaka kadhaa, na wakati tukihesabu hatuondoi kile ambacho dunia nzima imeona kinapunguza mwendo.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha mji mdogo. Kwa ombi la shirika la vijana nililinganisha daftari letu na orodha ya polisi wa barabarani kwa mwaka uliopita, na tofauti ilinishangaza: kwetu majeruhi ni wengi mara kadhaa, lakini wao wana vifo ambavyo sisi hatuna, na sisi tuna vifo ambavyo wao hawana. Ni nani anayesema kweli? (Muuguzi)

Dada yangu, wote wawili mnasema kweli, ila kila mmoja anatazama kwa dirisha lake. Polisi huandika walichoitiwa. Pikipiki mbili zikigongana saa moja jioni, mara nyingi wenyewe hupatana palepale, mmoja akalipa taa iliyovunjika na mwingine akapelekwa kwako akiwa amebebwa mgongoni, na hakuna aliyewaita polisi. Kwa upande wa pili, aliyekufa papo hapo hakuletwa kwako kamwe. Alikwenda moja kwa moja chumba cha maiti, au nyumbani kwao. Kisha wako wale ambao wewe uliwapokea, ukawafunga jeraha, ukawapakia kwenye gari kuja Lubumbashi, wakafariki huku siku ya nne. Kwako wameandikwa kwamba walihamishwa. Kwa polisi wameandikwa majeruhi. Hapa mjini wameandikwa katika hesabu ya jiji ambalo ajali haikutokea. Kwa njia hiyo mji mdogo hupungukiwa na vifo vyake, na jiji hubebeshwa vya wengine.

Desturi ya kimataifa ni kumhesabu kama aliyekufa kwa ajali ya barabarani kila anayefariki ndani ya siku 30 tangu siku ya ajali. Ukitaka daftari lako lilingane na ya wengine, ni lazima uwafuatilie waliohamishwa, hata kwa simu moja tu kwa familia baada ya mwezi. Najua simu hiyo ni nzito kupiga.

Nami nitakuambia kosa langu, kwa kuwa sikutaka ulirudie. Katika hospitali niliyofanyia kazi, safu ya sababu ya kulazwa ilikuwa nyembamba kama kidole, na waganga walizoea kuandika herufi tatu, AVP, kwa kila ajali ya barabarani. Ilipokuwa zamu ya usiku na watu wamechoka, waliandika tu kile walichokiona mwilini: jeraha la kichwa, mfupa wa paja. Mimi nilikuwa nikinakili hayo katika daftari kubwa bila kuuliza. Asubuhi moja alikuja baba mmoja kuomba karatasi inayothibitisha kwamba mwanawe aligongwa na gari, nikafungua ukurasa, nikakuta mstari wangu mwenyewe, mwandiko wangu, umesema jeraha la kichwa na si zaidi. Hapakuwa na barabara, hapakuwa na gari, hapakuwa na saa. Kwa karatasi zetu kijana yule angeweza kuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe. Tangu siku hiyo niliuliza kila mara, na nikaona idadi ya AVP ikipanda mwezi kwa mwezi. Msomaji wa ripoti zetu angeweza kudhani kwamba barabara zimeharibika ghafla, kumbe ni karani aliyeanza kuuliza. Ukianza kuandika vizuri, hesabu yako nayo itapanda, na ni lazima uwaambie vijana wa shirika lile mapema, wasije wakatangaza balaa ambalo halipo.

Andika saa, hata kwa kukisia. Andika mahali kwa alama ambayo mtu mwingine anaweza kuikuta: mbele ya mashine ya kusaga, kwenye daraja la pili, si "barabarani" tu. Andika majeruhi alikuwa nani njiani: alitembea kwa miguu, aliendesha, au alipakiwa. Andika kilichomgonga, na kama alivaa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki. Kisha mara moja kwa mwezi mkae na polisi, mfungue madaftari mawili kwenye meza moja, na mtie alama kwa watu waliomo katika yote mawili ili wasihesabiwe mara mbili. Majina ya wagonjwa yabaki kwenye meza hiyo.

Nimesoma mahali kwamba ajali hupimwa kwa kila watu 100,000. Nilipofanya hesabu hiyo, mji wetu mdogo ulitoka hatari kuliko Lubumbashi nzima. Je, nina haki ya kuandika hivyo katika ripoti ya kikundi chetu? (Mwanafunzi wa chuo)

Usiandike hivyo, kijana wangu, kwa sababu mbili. Kwanza, hujui mji wenu una watu wangapi. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo kila idadi ya wakazi unayoisoma ni makadirio, na makadirio ya mji ambao watu huhamia na kuhama kwa kufuata migodi yanaweza kukosea sana. Ukigawanya kwa kitu usichokijua, jibu litaonekana sahihi kwa sababu lina nukta na desimali, lakini halitakuwa sahihi.

Pili, barabara kuu inayopita katikati ya mji mdogo haijui wakazi. Dereva aliyetoka Dar es Salaam, msaidizi wake, na abiria wa basi la Kolwezi wakifa hapo, wanagawanywa kwa wakazi ambao hawakuhusika. Hata wakazi wasipoongezeka, hatari inaweza kuongezeka. Tazama Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa: mgodi wake ulisimama mwaka 1993 na ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Mzigo unaotoka mgodini hupita mahali, na watoto wa mji ulio na mgodi unaofanya kazi hawavuki barabara ileile waliyovuka kaka zao wakati mgodi umelala. Kipimo kinachokufaa zaidi ni magari yenyewe. Kaeni watatu chini ya mti siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa siku ya soko, mkahesabu kwa vijiti malori, magari madogo, pikipiki, baiskeli na wanaovuka kwa miguu, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Rudieni mwaka ujao katika mwezi uleule, maana barabara ya vumbi la Julai na barabara ya mvua za Desemba si barabara moja.

Papa Mhariri, mimi ni manseba, napakia abiria kwa pikipiki, hapa Katuba na mara nyingine hadi Kipushi. Abiria wanakataa kaske ya pili. Akina mama wanasema inaharibu nywele na inaleta chawa, na wanaume wanasema kaske ndiyo inayovunja shingo mtu akianguka. Je, ni kweli? Na kaske ya mgodini inafaa? (Manseba, Katuba)

Mwanangu, nakushukuru kwa kubeba kaske ya pili, kwa kuwa wengi hawabebi hata ya kwanza. Habari ya shingo haijathibitishwa. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzisoma kwa pamoja walikuta kwamba kaske hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na juu ya shingo hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inaleta madhara. Abiria huanguka na dereva na hugonga barabara ileile. Kichwa chake si kigumu kuliko chako.

Lakini kaske isiyofungwa chini ya kidevu haihesabiki. Huruka mtu anapoanza kuanguka, na kichwa hufika chini kikiwa kitupu. Kamba ikikatika, ishonwe siku hiyohiyo kwa fundi viatu. Ndani ya ganda kuna sifongo ngumu nyeupe ambayo hupondeka ili fuvu lisipondeke, nayo hufanya kazi hiyo mara moja tu. Kaske iliyokwisha kugonga lami kwa nguvu hata ikiwa nje inang'aa, usimpe mtu.

Kaske ya mgodini, ile ya rangi ya njano au nyeupe, haifai, nami nasikitika kila ninapoiona kwenye njia ya Kipushi. Ilitengenezwa kwa ajili ya jiwe linalodondoka kutoka juu. Pembeni mwa kichwa na kisogoni haina ulinzi wa maana, na mtu anayeanguka kutoka kwenye pikipiki hugonga zaidi pembeni, usoni na kisogoni. Kuhusu nywele na chawa, mama zetu wana haki ya kuchukia jasho la mtu mwingine. Weka mfukoni vitambaa vyepesi vilivyofuliwa, umpe kila mteja kimoja akifunge kichwani kabla ya kuvaa, na jioni uvifue. Kisha sema bei baada ya abiria kuvaa, wala si kabla. Utaona mwenyewe kwamba aliyekwisha kuvaa hubishana kidogo zaidi.

Mimi nauza maembe na mikate penye kituo cha teksi-basi Kasumbalesa. Mwaka huu nimeona kwa macho yangu watoto wawili wakigongwa wanaposhuka garini, si wanapovuka. Watu wanasema ni utundu wa watoto. Mimi naona ni magari. Je, nakosea? (Mama wa maembe)

Hukosei, Mama, na umeona jambo ambalo wengi hupita mbele yake kila siku bila kulitazama. Sisi huendesha upande wa kulia tangu enzi za Wabelgiji, na majirani zetu wa Zambia, hatua chache kutoka mezani kwako, huendesha kushoto. Mabasi madogo mengi tunayoyapanda yalitengenezewa Japani, ambako pia huendeshwa kushoto, kwa hiyo usukani wake uko kulia na mlango wake wa kuteleza uko kushoto. Huko kwao mlango huo hufungukia kando ya njia, kwenye majani. Gari hilohilo likisimama kwetu upande wa kulia, mlango hufungukia katikati ya barabara. Mtoto anatupwa chini na umati wa watu wanaotaka kushuka, uso wake ukiwa umeelekea magari yanayolipita basi, na dereva aliye nyuma haoni chochote hadi mguu mdogo unapotokeza. Wako wenye magari waliokwenda kwa fundi, mlango ukahamishiwa upande wa pili, lakini wengi bado hawajafanya hivyo.

Usukani nao una hatari yake. Dereva aliyekaa kulia akitaka kulipita lori katika nchi inayoendesha kulia, analazimika kuitoa karibu gari nzima kabla hajaona kinachokuja mbele. Mara nyingi humtegemea kondakta aliyekaa kushoto amwambie kama njia ni wazi, na kondakta huyo anahesabu pesa.

Mpaka magari yabadilishwe, kuna kidogo kinachowezekana kituoni kwako wiki hii. Ongea na wenzako mnaouza hapo, meza zisogezwe nyuma hatua tano kutoka kwenye ukingo wa lami, ili basi liweze kuingia ndani kabisa na mlango wake ufungukie mahali ambapo gari lingine haliwezi kupita. Mwombeni shefu wa mtaa mawe makubwa mawili ya kuonyesha mwisho wa sehemu hiyo. Kondakta ashuke kwanza, asimame upande wa nyuma wa mlango akiwa ameinua mkono, na watoto washuke mwisho, wakishikwa. Na wewe Mwalimu wa barua ya kwanza, pamoja na Dada Muuguzi, ongezeni safu moja katika madaftari yenu kwa kila aliyegongwa akishuka: mlango wa gari ulikuwa upande gani.